Hesabu Mbili za Nyumba ya Ziwani

Asubuhi ya mwisho ya safari yetu ya Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, gari likiwa limekwisha kupakiwa mifuko ya mchele na vyungu vya Wakisi vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, mwangalizi wa nyumba tuliyoikodi alituomba tuketi barazani, akafungua daftari lake, akaanza kusoma kwa sauti ya utulivu: sahani 24, bilauri 18, vyandarua 8, taa za chemli 3, mikeka 6, sufuria kubwa 2, ufunguo wa stoo 1. Kila alipotaja kitu aliinua uso ili mmoja wetu aitikie kwamba kipo, na ilipokosekana bilauri moja aliandika alama ndogo kwa kalamu ya risasi bila ya kusema neno. Tulipodhani kazi imekwisha, aligeuza ukurasa.

"Sasa hesabu ya pili, wazee wangu," alisema. "Mama aliyeleta mbasa jana jioni, amelipwa? Kijana wa mtumbwi? Mzee aliyelala na gari?"

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na haraka ya kupanda Tukuyu kabla ya mvua ya alasiri, alijibu kwamba mambo hayo hayamhusu mwenye nyumba. Mwangalizi akatabasamu. "Ninyi mtaondoka, baba. Mimi ndiye ninayebaki nao."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyonitia hamu ya kulitazama kwa marefu na mapana suala ambalo watu wengi hulichukulia kuwa la starehe tupu, nalo ni desturi ya kundi la watu, jamaa au marafiki, kukodi nyumba nzima ya fahari kwa siku kadhaa mahali penye mandhari njema, wakala na kulala humo kama wenyewe. Kila aendaye huuliza nyumba ina vyumba vingapi, bei yake ni kiasi gani, na kama maji ya moto yapo; ila ni wachache waulizao nyumba hiyo inamlisha nani, imekaa katika ardhi ya nani, na nani atabaki na matokeo ya ugeni wao watakapokwisha kwenda zao. Maswali ya kwanza ni ya hesabu ya vitu, na ya pili ni ya hesabu ya watu. Nami naona, baada ya kulipima jambo hili kwa kadiri ya uwezo wangu, kwamba starehe ya mgeni na maslahi ya mwenyeji hutegemea zaidi hesabu ile ya pili.

Yafaa kwanza tutenganishe kukodi kitanda na kukodi nyumba. Mtu afikaye gesti mjini Kyela hulipia usiku wake mmoja, na kitanda cha jirani kikilala kitupu hasara ni ya mwenye gesti. Kundi likodilo nyumba nzima limeichukua hasara hiyo mabegani mwake. Tuseme nyumba ni shilingi 800,000 kwa usiku na watu ni 16: kila mmoja atatoa shilingi 50,000, wala hataona uzito. Wanne wakitoa udhuru siku mbili kabla ya safari, 12 waliobaki watatakiwa kutoa karibu shilingi 67,000 kila mmoja kwa kitanda kilekile, na hapo ndipo urafiki hupimwa. Kwa sababu hii waliozoea safari za namna hii hukusanya fedha zote mapema, wakamteua mmoja wao awe mweka hazina, na kukubaliana kwamba ajitoaye ataleta mtu wa kushika nafasi yake au atasamehe alichokwisha kutoa. Badala ya hasara hiyo kundi hupata faragha: hakuna mgeni wa chumba cha pili atakayegonga ukuta usiku wa manane kwa sababu wajomba wanacheka.

Kielelezo mashuhuri cha desturi hii kimo katika vijiji vya milima ya Alpi, kama vile Verbier na Zermatt huko Uswisi au Val d'Isère huko Ufaransa, ambako wakati wa theluji makundi ya watu wanane, 12 au 20 hukodi nyumba ya mbao iliyo karibu na miteremko ya kutelezea, aghalabu kwa wiki nzima ianzayo Jumamosi na kuishia Jumamosi, wakawa na mpishi wao, mfagizi wao, na chumba cha mvuke cha kupashia mifupa iliyopigwa na baridi mchana kutwa. La ajabu ni kwamba nyumba hizo za fahari zina nasaba ya ufukara: asili yake ni banda la mchungaji, aliyepanda malishoni na ng'ombe wake wakati wa joto, akakaa huko akitengeneza jibini, na baridi ilipoanza akashuka bondeni akaliacha banda tupu. Msimu ambao banda lilikuwa halina thamani ndio uliolifanya leo kuwa ghali.

Huku kwetu hakuna theluji ya kutelezea. Ila ziko nyumba za ufuoni Matema, nyingine za watu binafsi na nyingine za Kanisa la Kilutheri, ambalo lina pia hospitali yake kijijini hapo, na ndizo zinazokodiwa na kwaya, vikundi vya akina mama, ukoo ulioamua kukutana, na maofisa waliokuja kwa semina wakaongeza siku mbili za kuogelea. Mtu asidhani kwamba desturi hii wameiiga Ulaya. Wanyakyusa, wenyeji wa huku, wana neno lao, ukwangala, maana yake kufurahia kukaa na wenzi, mkala na kuzungumza pamoja kwa usawa bila ya mmoja kujitenga, na neno hilo lilimshughulisha sana Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hii pamoja na mumewe Godfrey kwa utafiti kati ya miaka 1934 na 1938, kisha akatoa mwaka 1951 kitabu kizima juu ya vijiji vya rika. Katika mila hiyo wavulana wa umri wa miaka kumi au zaidi kidogo walitoka katika nyumba za wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua humo pamoja hata wakaoa na kibanda kikawa kijiji. Walakini wavulana hao hawakukatika na walikotoka: waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na wakati wa kula walikwenda kwa makundi nyumba kwa nyumba, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Faragha yao ililishwa na vyungu vya wengine, na vyungu hivyo vililipwa kwa jembe. Yule mwangalizi wa daftari alikuwa akituuliza jambo lilelile kwa lugha ya fedha.

Mahali penyewe pastahili kuelezwa, kwa kuwa ndipo panapouzwa. Mtokaji Mbeya hupita Tukuyu katika ubaridi wa mashamba ya chai na migomba, kisha barabara humtelemsha mpaka uwanda wa Kyela ambako chai inakwisha na mpunga na kakao vinaanza, na joto humlaki kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Kutoka hapo lami ya Ipinda humfikisha Matema, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa, penye mchanga, maji maangavu, na milima ya Livingstone iliyosimama wima kana kwamba imetumbukizwa ziwani. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika mita 700, na uso wake uko chini ya mita 500 juu ya bahari. Hali nyuma ya milima ile, katika safu ya Kipengere, kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961, na nyanda za Kitulo, zilizotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, hupigwa na sakitu mwezi Juni na Julai. Basi aketiye barazani Matema akijipepea kwa gazeti anayatazama magenge ambayo kisogo chao kimevaa baridi.

Kila mahali pana majira yake, na asiyeyauliza hulipa bei ya peponi akapata tope. Masika ya Kyela ni mazito kupita ya sehemu nyingi za Tanzania, na mwezi wa Aprili na Mei mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika ikazagaa katika majaruba. Kuanzia Juni mvua hupungua, lakini ndipo upepo wa kusini, uitwao mwera, unapoliparuza ziwa kwa urefu wake wote, na kwa kuwa mawimbi yamekuja safari ya mamia ya kilomita bila ya kizuizi, nguvu zake zote hupasukia ufuo huu wa kaskazini. Mtumbwi hauendi popote siku hiyo, na aliyeahidiwa safari ya kijiji cha Ikombe hukaa akihesabu mawimbi. Mwenye nyumba mwaminifu humwambia mteja haya kabla ya kupokea arbuni. Katika Alpi vilevile mwaka wa theluji haba humkuta mgeni amelipia mteremko wa majani, na ndiyo sababu vijiji vingi huko vimenunua mitambo ya kutengenezea theluji. Sisi hatuna mtambo wa kuutuliza mwera, kwa hiyo hatuna budi kuwa na ukweli.

Na anasa ni nini? Nimeliwaza swali hili nikaona kwamba anasa ya mahali ni kile ambacho maumbile ya mahali pale yamekinyima. Mlimani penye barafu, anasa ni moto, mvuke na blanketi nzito. Matema, ambako joto halina bei, anasa ni baraza pana linaloelekea upepo, mwembe wa kivuli, maji yasiyokatika bombani, chandarua kisicho tundu katika nchi ya malaria, na jenereta ya kushika zamu umeme ukipotea. Mapazia ya mahameli na makochi ya ngozi, ambayo baadhi ya wajenzi wetu huyaona kuwa ndiyo fahari, hunuka ukungu kabla ya mwaka kwisha.

Fahari hiyo ina adui mmoja ambaye mgeni hamjui. Katika siku fulani huonekana juu ya ziwa kitu kama nguzo za moshi, na anayeona mara ya kwanza hudhani meli inaungua. Ni mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma, ambao upepo ukiwageuzia nchi kavu hufunika kila chenye nuru. Usiku wetu wa pili tulisahau taa ya baraza ikawaka mpaka alfajiri, na asubuhi tulifungua mlango tukakuta sakafu imekuwa nyeusi na laini kama imetandikwa zulia. Tulikuwa tumeshika mafagio kwa ghadhabu alipopita bibi mmoja jirani. "Mugonile," alitusalimu, akachungulia, akacheka. "Wajukuu zangu, mnatupa kitoweo!" Watu wa ufuo huu huwakusanya wadudu hao, wakawaponda na kuwakanda kama mkate. Tulimwachia alichotaka, naye akatuonyesha kwamba taa huwashwa mbali na nyumba, kwenye nguzo ya uani, ili wageni hao wa usiku wawe na baraza lao.

Nimekwisha kutaja arbuni, na hapa ndipo magomvi mengi huzaliwa, kwa sababu watu wetu hukodi kwa simu na kuaminiana kwa sauti. Katika nyumba nyingine ya ziwani, ambayo sitaitaja, nilishuhudia kundi la watu 14 lililoahidiwa vitanda 14 likakuta vitanda 9 na magodoro 5 sakafuni; mwenye nyumba alipoulizwa akajibu kwamba godoro nalo ni kitanda, ila halina miguu. Hapakuwa na karatasi, na kwa hiyo hapakuwa na jibu. Mkataba wa kurasa mbili ungetosha, ukitaja idadi ya vitanda na miguu yake, saa ya kuingia na ya kutoka, kama kodi ya serikali imo katika bei au nje yake, nani hununua mafuta ya jenereta, nani humlipa mpishi, na arbuni itarudishwa kiasi gani mteja akivunja ahadi mwezi mmoja kabla, au wiki moja, au siku ile yenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haimwachi mtu mikono mitupu: jambo lililoahidiwa likigeuka kuwa muhali, kama barabara kuchukuliwa na mafuriko, ahadi yake hubatilika, na hata pale mkataba ulipotaja faini ya kuuvunja, mahakama humpa aliyedhurika fidia ya kadiri, isiyopita kiasi kilichotajwa, badala ya kumkamua mwenzake. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa usiku tatu? Insafu yafaa iandikwe mapema, wakati pande zote mbili zingali zinacheka.

Sasa tuifungue hesabu ya pili. Watu 16 wakikaa siku tatu, wakala wali mchana na usiku kwa kadiri ya gramu 150 za mchele kila mmoja kwa mlo, watamaliza karibu kilo 14 na nusu. Mchele huo ukinunuliwa dukani Mbeya na kubebwa garini, kijiji hakikupata kitu isipokuwa moshi wa gari. Ukinunuliwa Ipinda au kwa mkulima wa karibu, mchele wa Kyela ambao sifa yake imefika Dar es Salaam hata watu wakauigiza kwa jina, wageni wamekula kitu kizuri zaidi na fedha imebaki bondeni. Ndivyo ilivyo kwa mbasa, samaki mwenye fedha ubavuni apandaye mitoni kutaga, kwa dagaa, kwa ndizi na kwa kuni. Kila kitu ambacho kundi huja nacho ndani ya sanduku la barafu ni mlango uliofungwa usoni mwa mtu fulani.

Mfano bora ni ule wa vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, hufinyanga vyungu vyembamba ambavyo hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa gulioni Lyulilo siku ya Jumamosi. Nyumba nyingi hupendelea wageni wa Ijumaa hadi Jumapili, na hilo ni jema. Lakini kundi la wafanyakazi lijalo Jumatatu na kuondoka Ijumaa hukosa gulio kwa siku moja tu, likaenda kununua vyungu vilevile barabarani kwa mchuuzi wa tatu au wa nne. Kule Alpi Jumamosi ni siku ya kubadilishana funguo. Hapa Jumamosi ni siku ya mtu wa Ikombe kupata chumvi na sabuni. Mwenye nyumba angepanga kalenda yake kwa gulio angewafaa watu wengi bila ya kutoa hata senti.

Limebaki jambo la ardhi, na ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa mchele huvunwa tena lakini ufuo haukui. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji na kumzuia asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Maandishi ni mazuri. Hata hivyo ukuta hupanda tofali moja moja, na njia ambayo wavuvi waliipita kwenda kuanika nyavu huanza kuitwa njia ya wageni, kisha huwekewa geti. Waswisi, pamoja na utajiri wao, walichelewa kuliona hili: vijiji vyao vya milimani vilijaa nyumba za watu wa mbali, zilizokaliwa wiki chache kwa mwaka na kufungwa muda uliobaki, hata wenyewe wakaziita vitanda baridi, na watoto wa wenyeji wakashindwa kununua mahali pa kulala katika kijiji cha babu zao. Tarehe 11 Machi 2012 walipiga kura, na kwa wingi mdogo sana wakaamua kwamba nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 ya nyumba za kila wilaya ndogo. Sheria hiyo huzuia nyumba mpya. Zile zilizokwisha kujengwa zipo palepale. Matema ina bahati ya kuwa bado mwanzoni, na kuacha njia ya wavuvi wazi leo ni rahisi kuliko kuubomoa ukuta kesho.

Mtu aweza kunijibu kwamba mgeni amelipa haki yake, na aliyelipa hana deni la kulea kijiji. Ni kweli kwamba hana deni la sadaka, na mimi siitaki sadaka. Lakini alilolikodi halimo lote ndani ya kuta. Usalama wa gari lake ni wa mzee aliyekesha; samaki wake ni wa mama aliyeamka; ujuzi wa kujua leo mtumbwi uende au usiende ni wa kijana aliyeusoma mwera tangu utotoni; na ule ufuo mtupu uliomvuta ni mtupu kwa sababu wenyewe hawajaujaza. Mwenye nyumba amemuuzia vitu hivi vyote katika bei moja bila ya kuwa navyo. Ni uadilifu mtupu kwamba wenye navyo wapate chao, nao ni hekima ya biashara vilevile, kwa maana kijiji kilichodhulumiwa hakigombi na mgeni. Humtazama tu, na kutazamwa kwa namna hiyo kunaondoa ladha ya wali.

Nirudi barazani. Ilidhihirika kwamba mama wa mbasa amelipwa na kijana wa mtumbwi pia, bali mzee wa gari hakuwa amepata kitu, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake amempa, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda zake alfajiri kwenye shamba lake la kakao bila ya kudai. Tuliketi tukangoja. Aliyekwenda kumtafuta ni yule mwenzetu mwenye haraka, akarudi baada ya saa nzima, viatu vyake vimejaa udongo, akiwa na mzee nyuma yake na mkungu wa ndizi begani ambao hakuna aliyeuagiza. Mwangalizi akaandika, akapiga mstari chini ya ukurasa wa pili, ndipo akapokea ufunguo. Mvua ilitukuta kabla ya Tukuyu.